Visima Arobaini na Vinane

Machi 19

Dada yangu mpendwa Bernadine,

Salamu nyingi zikufikie hapo nyumbani. Natumaini goti limetulia na kwamba theluji imeanza kuondoka mlangoni pako, maana mara ya mwisho uliniambia unaruka madimbwi kama msichana wa shule. Huku kwetu sisi ni wazima. Wifi yako Patrice anakusalimu na anasema chupa zako za matango ya siki zimekwisha, uelewe mwenyewe anachomaanisha.

Naandika badala ya kupiga simu kwa sababu kwenye simu ungenikatiza, nami ningekimbilia mzaha kama kawaida yangu. Kikao cha mahakama kuhusu mjukuu wako Josie ni Alhamisi ijayo. Nataka karatasi hizi ziwe mkononi mwako kabla ya siku hiyo. Zisome hadi mwisho, hata zikikupandisha hasira.

Ijumaa iliyopita nilimwona binti yako pale ukumbi wa chini ya kanisa, kwenye mlo wa samaki wa Kwaresima. Renae alikuja na sahani yake akatafuta pa kukaa, na mama mmoja, ambaye sitamtaja kwa kuwa unamjua, akaweka koti lake juu ya kiti kilichokuwa wazi. Renae akaenda kula amesimama karibu na sinki. Mezani kwetu mtu akasema, bila hata kupunguza sauti, eti huyo ndiye aliyempaka mtoto ganzi ili yeye apate usingizi. Mimi nilikuwa natafuna kabichi. Niliendelea kutafuna.

Unakumbuka mambo yalivyokuwa Novemba, wiki ya kuwinda kulungu. Josie alikuwa na miezi mitano, akageuka rangi ya samawati midomoni na kuchani, na Renae akamkimbiza hospitali kwa gari lisilo na hita. Daktari alisema hali ile husababishwa na moja kati ya mambo mawili. Ama mtoto amekorogewa maziwa ya kopo kwa maji ya kisima yaliyojaa nitrati, ile chumvi ya mbolea inayozama mchangani, ama amepakwa dawa ya ganzi kwenye ufizi. Kabatini kwa Renae palikutwa dawa ya namna hiyo. Alisema ni ya jino lake mwenyewe. Alisema hivyo mara mia, kwa kila aliyemuuliza, na kila aliyemuuliza aliandika kitu kwenye faili. Maji yakaondolewa kwenye hesabu kwa sababu ofisi yetu ilikuwa imetoa ripoti Oktoba kwamba maeneo manne ya kaunti hayatofautiani. Ikabaki dawa. Josie akapelekwa kwa Bi. Hintz, mama wa yule kijana aliyemzalisha Renae akahamia Dakota, na mpaka leo Renae humwona mtoto wake saa mbili kwa wiki, mtu mwingine akiwa ameketi pembeni na kalamu.

Ile ripoti ni yangu, dada. Ngoja nikueleze ilivyofanywa, maana wakili wenu ataulizwa.

Tulipima visima kumi na viwili katika kila eneo, jumla arobaini na vinane. Namba za nitrati ni korofi: nyingi ni ndogo, halafu chache zinapaa juu mno, kwa hiyo ukichukua wastani unadanganyika. Tunachofanya ni kuzipanga zote kwenye mstari mmoja, kuanzia ndogo hadi kubwa, bila kujali zimetoka eneo gani. Ya kwanza inapewa nafasi ya kwanza, ya mwisho nafasi ya arobaini na nane. Kisha kila nafasi inarudishwa kwenye eneo lake na tunajumlisha. Maeneo yakiwa sawa, jumla zinakaribiana. Eneo moja likijikusanyia nafasi za juu, jumla yake inapanda, na jaribio linakuambia kwamba jambo hilo si la bahati. Kompyuta hufanya yote hayo kabla hujapenga kamasi, lakini mimi, kwa ukaidi wa mwalimu aliyenifundisha, hupenda kwanza kupanga mwenyewe na kutazama kwa macho. Vijana wa ofisini huniita Babu Kalamu. Nilikuwa nikijivunia jina hilo.

Wiki mbili zilizopita mzee Alois Pliska alikuja ofisini na buti zake za matope, akaniwekea karatasi mbili mezani. Unamjua ulimi wake. Akasema, “Florian, baba yako alikuwa na akili, sasa wewe umemrithi nani? Maabara wanasema kisima changu kina thelathini na moja. Ripoti yako inasema mbili. Nimnyweshe mjukuu ipi?” Kiwango cha juu cha nitrati kinachoruhusiwa ni kumi. Nikamwambia labda maabara wamekosea, akanijibu kwamba maabara hawana shida naye, wala hawakuwahi kuazima trekta lake wakamrudishia bila mafuta. Nilicheka. Nikafungua jedwali ili nimwoneshe, na kicheko kikaniishia hapo hapo.

Nilikuwa nimeipanga safu ya namba peke yake. Namba zilihama, majina ya visima na maeneo yakabaki yalipokuwa. Wapimaji wetu walizunguka kwa zamu, kisima kimoja eneo la kwanza, kimoja la pili, la tatu, la nne, kisha wanaanza upya, na ndivyo jedwali lilivyoandikwa. Kwa hiyo namba zangu zilizopangwa zikagawiwa maeneo yote manne kama karata, kila eneo likapata ndogo zake na kubwa zake. Nimerudia kazi kwa namba zilizo mahali pake. Eneo la nne lina jumla ya nafasi 486. Mengine matatu yana 245, 228 na 217. Sihitaji kukueleza nani alipanga nyumba katika eneo la nne, uzio kwa uzio na mzee Pliska.

Nilimpelekea mkuu wangu, Bi. Thorson, siku ile ile. Akasema tusikurupuke, wanasheria wa kaunti waipitie kwanza, masahihisho yatatoka Mei. Nikamwambia kuna kikao cha mahakama Alhamisi ya tarehe ishirini na saba. Akasema yeye hajui kikao chochote, na akaniomba nami nisikijue. Kisima cha Renae chenyewe hakipimiki tena, kwa kuwa mwenye nyumba alichimba kingine kirefu Desemba na kile cha zamani kimezibwa kwa saruji. Zimebaki namba hizi tu, na mtu wa kuzisema.

Ningeweza kuishia hapa ukadhani mdogo wako aliteleza, kama watu wote wanavyoteleza. Sikuteleza tu. Ile Ijumaa ya Oktoba, kabla ya kutuma ripoti, jumla zangu zilikuwa 276, 288, 300 na 312. Zitazame. Kila moja inaizidi iliyotangulia kwa kumi na mbili kamili. Maji ya ardhini hayafanyi hivyo, dada, na mimi nina miaka ishirini na sita katika kazi hii. Niliona. Nilizitazama, nikajua kuna kitu, nikajiambia nitaangalia Jumatatu. Alfajiri iliyofuata tulikuwa tunakwenda kuwinda bata. Nikatuma. Jumatatu sikuangalia.

Novemba afisa wa ustawi wa jamii alipiga simu kuuliza kama inafaa kupima kisima kile kabla hakijazibwa. Simu niliipokea mimi. Nilijua ni nyumba ya nani. Nilisema hakuna haja. Na jioni ya Krismasi, jikoni kwako, wewe ukikausha vyombo, ni mimi niliyekushauri umbane Renae akiri kwamba alitumia dawa, ili wamwonee huruma. Ulimbana. Nilikusikia kupitia ukuta.

Mpe wakili karatasi hizi, zote, pamoja na jedwali nililoambatanisha. Mwambie Alhamisi nitakuwepo na nitayasema haya nimesimama, Bi. Thorson akipenda asipende. Kazi nadhani imekwisha. Patrice anajua na amelia, kisha akaniuliza nimengoja nini wiki mbili nzima.

Wasalimie majirani, na umwekee shemeji ua moja kaburini kwa niaba yangu theluji ikiisha. Renae nisalimie pia. Kama hataki salamu zangu usimlazimishe, msomee tu mahali nilipoandika kwamba dawa ilikuwa ya jino lake.

Natia sahihi kwa jina kamili ili itumike mahakamani.

Mdogo wako,
Florian Edmund Gruszka
Mtakwimu, Idara ya Afya ya Kaunti