Leo Nimemenya Ndizi Barazani

Jumamosi, Nyabiyonza. Mvua imeanza kabla ya jogoo wa pili na mpaka sasa haijakatika. Ukungu umelala juu ya migomba, na kahawa niliyoianika jana imerudishwa ndani ikiwa bado mbichi. Sina huzuni. Nina ukaidi, nao nauandika hapa nikiwa na miaka sitini na minane, bila kuuombea toba.

Leo nimemenya ndizi barazani, mbele ya macho ya watu.

Kwa anayepita hapa kwa mara ya kwanza, nieleze. Nilikuwa mwinjilisti wa usharika kwa miaka thelathini na minne. Nilipostaafu nilijiandikisha katika chuo cha Biblia kusomea stashahada, nikaketi dawati moja na vijana niliowafundisha kipaimara. Mwaka huu darasa letu lilipelekwa Ujerumani kwa wiki sita, tukakaa bweni moja na wanafunzi wa huko. Mwalimu alimwagiza kila mmoja wetu aandike shajara mtandaoni. Safari imekwisha, mimi sijaacha kuandika.

Nilikwenda nikidhani najijua. Huku nyumbani naitwa Mwinjilisti. Nikiingia katika nyumba ya mtu, kiti chenye mgongo huletwa kabla sijavuka kizingiti, na maji ya kunawa humiminwa juu ya mikono yangu. Kule, binti mmoja aitwaye Inga, mwenye umri wa wajukuu zangu, alinishika mkono akaniita Elifasi. Elifasi tu. Kwa siku tatu nilimjibu kwa kutikisa kichwa. Naungama kwamba ilikuwa hasira, nami niliivika joho la upole.

Siku ya nne nikaona jina langu ukutani, kwenye orodha ya zamu za kupika.

Nilimweleza Inga kwamba kwetu mwanamume wa rika langu haingii jikoni. Hakucheka. Aliniuliza, kama mtu anayetaka kujua kweli, "Mkeo akiugua, unakula nini?" Nikamwambia wapo wakwe, wapo majirani. "Hapa hawapo," akasema, akaendelea kuosha vikombe.

Ili kuniheshimu, walikwenda duka la Waafrika mjini wakaninunulia ndizi mbichi, sanduku zima. Nikabaki nalo jikoni, na kisu. Mimi nimezaliwa ndani ya migomba. Nionyeshe jani tu, nitakutajia aina ya mgomba. Lakini ndizi ya kupika sikuwa nimepata kuimenya hata moja katika maisha yangu. Nilikishika kisu kama mtu anayekata majani ya ng'ombe. Utomvu ukarukia shati langu la ibada.

Nikampigia mke wangu simu ya video.

Mama Kemilembe alicheka mpaka akakaa chini. "Baba Kemilembe! Unaichonga kama mpini wa jembe! Ngoja nikuonyeshe." Akaiegemeza simu kwenye sufuria, akachukua ndizi na kisu, na kioo chote kikajaa mikono yake.

Vifundo vya vidole vilikuwa vimevimba kama tangawizi. Kidole cha shahada cha mkono wa kulia kilikuwa hakikunjiki. Kisu kilimponyoka mara mbili, na mara zote mbili alikiokota upesi, akipaza sauti na kuongeza maneno ili nisione.

Miaka arobaini na mmoja nimekula kutoka katika mikono ile. Ilinibidi nipelekwe bara jingine ndipo niione.

"Tangu lini?" nilimuuliza.

Alichukua ndizi nyingine. "Wewe menya. Watu wana njaa."

Nilimenya. Ndizi zilitoka ngumu, na upande mmoja wa sufuria uliungua. Kule desturi yao ni kila mtu kula njaa inapomshika, mmoja amesimama, mwingine anatazama simu. Desturi hiyo sikuikubali, na hata leo siikubali. Niliushikilia mfuniko mpaka wa mwisho alipofika na kuketi, kisha nikaomba, tena sikuomba kwa haraka. Wakasubiri. Tangu jioni ile tulikula pamoja. Asije mtu akaniambia kwamba mimi peke yangu ndiye niliyefundishwa.

Nilipokuwa nawapakulia, nilikumbuka jambo lililonifanya niweke upawa chini. Bwana wetu, alipokwisha kuyashinda mauti, aliwasha makaa ufuoni akawaandalia wanafunzi wake samaki na mkate. Habari hiyo nimeihubiri mara nyingi, na kila mara nilikaza habari za wingi wa samaki walionaswa. Sikuwahi kuuliza nani alipika.

Huu ni mwezi wa pili tangu nirudi, na ndizi zote za nyumba hii namenya mimi. Mke wangu alikubali kwa masharti mawili: nimenyee jikoni, mlango ukiwa umefungwa, na kwanza nijipake mafuta mikononi ili utomvu usiache alama nyeusi. "Watasema nimekulisha limbwata," alisema. "Wewe watakucheka siku moja. Mimi watanisema mpaka nizikwe."

Nilikubali masharti yake, nikajiambia kwamba namlinda. Hapa naandika ukweli: nilijilinda mimi.

Juzi jirani yetu alikula kwetu. Akamsifu mke wangu kwamba ndizi zake zimemenywa vizuri, na kwamba mikono yake haizeeki. Mke wangu akaificha mikono hiyo ndani ya kanga, akainamisha macho, akashukuru. Nami nilikuwa nimeketi pale pale, nikitafuna. Tukawa waongo wawili katika nyumba ambayo kila asubuhi huanza na sala.

Kwa hiyo leo, baada ya chai, nilichukua kigoda, beseni na kisu, nikatoka barazani. Mafuta sikupaka.

Saa nne akaja kaka Kagaruki kutoka Kanoni, chini ya mwavuli, suruali imekunjwa hadi magotini. Ni mwana wa baba yangu mkubwa, naye ndiye mkuu wa ukoo wetu. Alikuja tupange maneno, kwa maana Jumamosi ijayo tunakwenda Kayanga kumposea mjukuu wake mke, na msemaji wa ukoo mbele ya wakwe ni mimi. Ni mimi kwa miaka ishirini sasa.

"Shikamoo, kaka."

Hakuitikia. Alilitazama beseni.

"Mkeo amefariki lini, mbona hatukuletewa habari?"

"Yuko ndani, mzima. Karibu uketi, kaka. Utakula."

"Wenzako wanarudi Ulaya na makoti," akasema. "Wewe umerudi na kanga! Bado kutwanga tu. Elifasi, msemaji gani atasimama mbele ya wakwe na vidole vyeusi namna hiyo? Watauliza kama ukoo wetu umeishiwa wanawake." Kisha akashusha sauti, na hapo akanitesa zaidi kuliko kwa kejeli, kwa sababu alisema kwa upendo. "Nawa mikono, waitu, nakusihi. Weka kisu ndani. Mimi sikuona kitu."

Kazi ile ya msemaji naipenda. Naipenda kuliko inavyompasa mtu wa Mungu kupenda heshima. Ninaposimama mbele ya wakwe, nikapima neno na kuliweka mahali pake, huwa naona kwamba sikuishi bure. Nilimenya ndizi moja nzima kabla sijamjibu.

"Kaka, mikono ya mke wangu imeharibika kwa kunilisha mimi. Na wewe pia, maana katika nyumba hii hujapata kuondoka na njaa. Kama vidole vyangu vinauaibisha ukoo, tafuta vingine."

Akasimama. Wakati huo huo mlango ukafunguka nyuma yangu.

Nilijua mke wangu ametoka kuomba radhi kwa niaba yangu, kama alivyofanya tangu tuoane, kila nilipokosa na hata nisipokosa. Nikajiandaa kumkatiza. Lakini alikuwa ameshika kigoda chake. Akakiweka kando ya changu, akaketi, akaitoa mikono yake ndani ya kanga, akailaza juu ya mapaja, wazi, mchana.

"Shikamoo, shemeji," alimwambia Kagaruki. Kisha akanigeukia mimi, kwa sauti ya kusikika mpaka njiani: "Unamenya nene mno. Chakula chote kinakwenda na maganda."

Kagaruki aliitazama ile mikono. Aliitazama kwa muda mrefu, na mvua ikaendelea kupiga bati.

"Marahaba," akasema hatimaye, taratibu.

Hakula. Alifungua mwavuli wake akashuka kwa njia ya kibanja, shamba letu, akapotea kati ya migomba. Kama Jumamosi ijayo nitasimama Kayanga au nitabaki hapa na beseni langu, sijui. Hakusema, nami sikumwita arudi kumuuliza.

Watakaosema Wazungu wamenigeuza, na waseme. Wale walinipa sanduku la ndizi na kisu tu. Aliyenihukumu ni Yule niliyemtumikia miaka thelathini na minne nikiwa nimekaa kwenye kiti chenye mgongo.

Baada ya chakula mke wangu aliniletea nusu ya limau na majivu, nisugue vidole. Kesho nimepangiwa kusoma somo katika ibada ya kwanza, na kanisa litakuwa limejaa. Nikamrudishia limau lake. Alinitazama, halafu akalikamulia kwenye chai yake, akanywa.

Kesho nitakifungua Kitabu kwa vidole vyeusi, na nitasoma polepole.