Mukamusoni, Senene Wamerudi

Mwaka umetimia, Mukamusoni, tangu ulipotuachia nyumba ya Kiruruma ukaondoka na kelele zake zote.

Mikono yako ilijua migomba, na moyo wako ulijua watu. Mgeni hakutoka kwako bila kahawa ya kutafuna, hata yule aliyekuja kukuchungulia tu. Kanisani uliimba kwa nguvu na kwa sauti yako mwenyewe, kwaya ikakufuata ikitaka isitake.

Mwaka juzi, Novemba, senene, wale panzi wetu watamu, waliposhuka, ulitoka alfajiri na ndoo, ukiwatangulia wajukuu. Umande ukakutelezesha, nyonga ikavunjika. Binti yako Liliane alikukuta chini, umekumbatia ndoo. Ukamwamuru: "Funikeni kwanza, wasitoroke!"

Ulipasuliwa, mfupa ukaungwa. Daktari hakuficha: nyonga ikivunjika uzeeni, kinachomaliza wengi ni kitanda. Mgonjwa akilala tu, mapafu hujaa, damu huganda miguuni, mgongo hutoka vidonda. Kila siku asimame.

Lakini kwetu mgonjwa huheshimiwa kwa kulazwa. Majirani walileta ndizi na huruma: "Mzee apumzike." Wifi yako Laurensia, dada wa marehemu mumeo Telesfori, alikuvuta blanketi mbele yao.

"Simama! Kaka yangu alitoa ng'ombe kwa mwanamke mwenye miguu!"

"Na mimi niliambiwa ana dada mpole," ulimjibu, ukishika chuma cha kutembelea.

Jirani Placidia akaruka. "Laurensia, muache mama wa watu!"

"Muache yeye," ukasema. "Huyu ndiye dawa yangu. Chungu, lakini ndiyo hiyo."

Ulitaka jambo moja tu: senene wa masika wakija, utoke mlangoni kwa miguu yako. Ulifika jikoni. Ukafika kizingitini. Ndipo homa ya mapafu ikakukamata.

Senene walishuka wiki hiyo hiyo. Uliwasikia watoto wakishangilia uani, ukacheka kwa kikohozi. "Wifi, nenda. Usirudi na ndoo tupu."

Hakwenda. Alikushika mkono mpaka mwisho.

Mwaka huu amekwenda, pole pole, na chuma chako mbele. Anasema miguu yake haina shida yoyote. Anakimalizia tu safari.

Wanakukumbuka wanao Hirwa na Liliane, wakwe, wajukuu, majirani wa Kiruruma, na wifi yako, ambaye bado anakuchokoza na kungoja umjibu.

Maadamu senene wanashuka, hatutakusahau.