Picha Mbili za Ubongo Wangu

Mpendwa Mama Sekela,

Nakuandikia kutoka Mpemba, kwa binti yetu Sekela, malori yakiwa yamepanga foleni ya mpakani kama kawaida. Unakumbuka tulivyohama Iyula kwenda Dar es Salaam "kwa miaka miwili tu"? Wewe ulirudi kuzikwa. Mimi nimezeeka ugenini, na nilipomaliza tiba ya mionzi ya uvimbe kichwani niliomba jambo moja: nikaishi nyumbani kwetu. Sekela alikataa. Aliogopa mionzi itanila kumbukumbu, nipotelee shambani.

Tena asubuhi moja nilimwita kwa jina lako, "Mama Sekela".

"Baba! Mimi ndiye Sekela. Umeanza?"

"Basi acha kunifokea kama mama yako."

Hakucheka. Alinipeleka kwa daktari, naye akaagiza nipigwe picha ya ubongo, ailinganishe na ile ya kabla ya mionzi. Alisema madhara huweza kuonekana pichani kabla mgonjwa hajaanza kusahau. Nikiwa ndani ya mashine ile, inayogonga kama mafundi bati, nilikuona ukigeuza majani ya mibuni kutafuta kutu, ule ugonjwa wa majani, upande wa chini, huku mimi nikisifia kijani cha juu. "Ukisubiri ije huku juu, Baba Sekela, tutavuna kuni." Nikatabasamu, kisha nikakumbuka nimekatazwa kutikisika.

Daktari alituwekea picha mbili sambamba. "Hapa mionzi ilipopita pana badiliko dogo, mzee. Tutalifuatilia. Kwenye sehemu ya kumbukumbu sijaona tofauti."

"Anaweza kuishi Iyula?" Sekela aliuliza.

"Anaweza. Asikae peke yake, na arudi tumpige nyingine."

Sekela akalia. Mimi nikajifanya nasoma tangazo la ukutani.

Mdogo wako Neema amekubali kukaa nami. Amenionya kwa simu: "Shemeji, siku ukinisahau jina, unajipikia mwenyewe!"

Sijui picha ijayo itaonyesha nini, na ajabu ni kwamba sina haraka ya kujua. Hii niliyonayo imenitosha kurudi. Jumamosi Sekela ananipeleka. Jumapili, tukitoka kanisani, nitapita ulipolala, nipalilie pembeni na kukueleza kwa mdomo yote niliyoyaruka hapa.

Pumzika salama. Nipo njiani.

Mumeo,
Baba Sekela