Wakia ya Babu Salehe

Bondeni, Kyela
14 Juni 2024

Mpendwa dada Tausi,

Assalaam alaykum. Goti lako linasemaje na ngazi za huko Tanga? Sisi wazima, ila mvua ya Kyela haijui kuaga. Mpunga wa Makwale mwaka huu umevunwa majini. Bibie anauliza kama mchele ulifika salama.

Najua unacheka kwamba Bibie, mke wangu, bado anaishi na mkusanya sarafu. Cheka tu. Kopo langu lina peni tano za shaba za Waingereza wa kale, na moja niliifuata hadi Matema nikarudi na malaria. Ile ya 1797, niliyoiona kitabuni tu, nilishaikatia tamaa.

Wiki iliyopita cherehani ya Bibie ikawa inayumba. Mtaka cha mvunguni sharti ainame, nikainama. Mguu mmoja ulikuwa umekanyaga kile kijiwe cheusi cha mizani ya babu. Kile kile, dada, kilichotuletea jina.

Unakumbuka kuliko mimi. Babu alipimia ugoro kwa kijiwe kisicho na muhuri wa serikali, mzee Gwamaka akatangaza sokoni kwamba ni chepesi, na tangu hapo kila kilichopunjwa kikaitwa wakia ya Salehe. Shuleni walikuita Wakia mpaka ukagoma kwenda. Babu alisema tu kwamba alikinunua kwa baharia bandarini Itungi, na kwamba hakumpunja mtu. Akafa na jina hilo. Nasi, Mungu atusamehe, hatukumtetea.

Nikakilaza kwenye mawese siku tatu. Weusi ulipolegea, kwanza ulitoka ukingo mpana, herufi zimezama ndani yake. Kisha kichwa cha mfalme Joji wa Tatu. Upande wa pili, mwanamke ameketi juu ya mawimbi, tawi mkononi, na chini yake 1797. Nilikaa sakafuni. Subhanallah! Miaka mia mbili na ushei, na iko chini ya cherehani yangu!

Halafu nikafungua kitabu, nikaogopa. Kinasema peni hii ilipigwa makusudi iwe na uzito wa wakia moja kamili, hata wenye maduka kwao walipimia. Lakini kama yetu imelika sana? Ningekuwa nimethibitisha aibu kwa mkono wangu.

Nilikwenda kwa sonara Ridhwani, na nikamwita Gwamaka mwenyewe, maana bila yeye ingekuwa kazi bure. Wakia ni gramu ishirini na nane na nukta tatu. Mizani ikasoma ishirini na nane na nukta mbili. Gwamaka akaifuta mizani kwa leso yake, akataka irudiwe. Ikasoma vilevile.

Akavua kofia. "Ndaga, asante, Muksini," akasema. "Nipeleke kaburini kwake. Hili nitamwambia mwenyewe."

Nilimpeleka. Nililia, dada, sikufichi.

Mizani ya babu unayo wewe. Uliichukua ukakataa jiwe lake. Njoo nayo. Sarafu sitaing'arisha, maana weusi uliobaki ni wa vidole vyake. Tuiweke sahani moja, ugoro sahani ya pili, na wewe uliyeitwa Wakia ndiwe uishike mizani.

Nisalimie shemeji Nasibu na mwanetu Aisha. Mola akupe goti la kukufikisha Kyela.

Mdogo wako akupendaye wakia kamili, bila kupunja,
Muksini