Anavyoanguka Janvier

Jumapili, mwezi wa kumi. Mvua imenyesha Bunia tangu tulipotoka kanisani, na uwanja wetu hapa Nyakasanza ni matope matupu. Sina pa kwenda, kwa hiyo naandika.

Leo nilitaka kumaliza mchezo. Mwaka jana mimi na mdogo wangu Janvier tulianza kugeuza kitabu cha baba cha katuni, cha zamani sana, kiwe mchezo wa kompyuta. Ni safari ya mbeba mizigo anayetafuta ziwa nyuma ya milima, kuna mamba, kuna madaraja ya kamba. Baba alitusomea mpaka jalada likatoka.

Hatukujua kuchora mtu anayekimbia. Basi Janvier alikimbia uwanjani, akaruka matofali, akajitupa kwenye godoro, mimi nikampiga picha kwa simu, moja moja. Kisha nikachora juu ya kila picha kofia, mzigo na viatu. Mwili ulibaki wake. Hata kule kushika suruali kiunoni, maana mkanda hakuwa nao.

Halafu akaenda Gety kuchukua maharage kwa mjomba. Walisema barabara iko salama. Aliuawa njiani.

Mama alikuwa kule, akamzika. Mimi nilibaki huku, barabara ilifungwa siku tisa.

Sikuona kitu.

Tangu hapo, kila nikijaribu mchezo, lazima nimwangushe. Ndivyo kazi hii ilivyo: anakosa daraja, anazama, anarudi mwanzo, unajaribu tena. Wiki iliyopita nilimuua asubuhi nzima, nikazima mashine.

Kitabuni mbeba mizigo hafi kamwe. Akiteleza, ukurasa unaisha. Ukigeuza, yuko ng'ambo anakamua shati. Nikafanya vivyo hivyo: akikosa daraja, ukurasa ugeuke kabla hajafika majini. Nikamtumia Gracia, rafiki yetu wa Aru anayetengeneza sauti za mchezo.

"Yaya," akaniandikia, maana mimi ni mkubwa wake, "mutu asipoanguka, huo ni mchezo gani? Ni matembezi ya siku ya Mungu!"

Hajui mwili ule ni wa nani.

Mchana huu mama aliingia kutafuta ndoo ya kukinga maji, akaona kioo cha mashine. Hakuwa ameutazama mchezo hata siku moja. Akasimama.

"Huyu ni Janvier. Iko anashika suruali."

Nikataka kufunga. Akanishika mkono. "Acha nione."

Akakaa, akabonyeza mwenyewe, vibaya. Janvier akakosa daraja, ukurasa ukageuka, akawa ng'ambo.

"Juu ya nini imeruka hapo?" akauliza sababu.

"Anaanguka, mama. Nimeficha."

"Umemuficha nani? Mimi nilimuosha. Weye ndiye haukuona."

Alisema bila ukali. Ndiyo maana iliuma.

"Rudisha," akasema.

Nikazirudisha picha sita nilizoondoa. Tangu afe sikuwa nimezitazama kwa karibu. Nilikuwa nikigeuza macho kila anapofika darajani. Mama akasogeza uso mpaka pua ikakaribia kioo. Janvier yuko hewani, miguu juu, mdomo wazi, meno yote nje.

Anacheka.

Nilimchorea kila kitu, ila uso sikuwa nimeugusa.

"Mujinga huyu," mama akasema, akalia, na mimi nikalia. Tukamwangusha tena. Na tena. Ndoo ilikuwa bado tupu na maji yakiingia chumbani.

Ninakiri hapa: mwaka mzima nilimtengenezea mdogo wangu kifo nisichokiona, kwa picha za siku aliyokuwa na furaha.

Anguko nimeliacha lilivyo. Gracia nimemwandikia mbeba mizigo ni nani, na nimemwomba sauti ya maji iwe ndogo.

Kaburi la Janvier sijalifikia bado. Mama hajawahi kuniuliza kwa nini. Barabara sasa inapitika, wanasema. Mvua ikikatika, nitamwomba anipeleke.