Mama Huwa Mzima Mgeni Akija

Mshauri wangu Bi Itsuyo, kila Alhamisi nakusikiliza redioni nikikunja nguo, leo ni zamu yangu, naomba unisaidie maana kichwa kimenivurugika na sijui nishike lipi niache lipi. Mimi ni Chizuru, nina miaka hamsini na sita, naishi Okayama, na mama yangu, Fusae, ana themanini na nne, anaishi peke yake Kurayoshi tangu baba afariki, nami humwendea kila Jumamosi, na swali langu ni moja tu, je, mama ni wa kupelekwa kwenye makao ya wazee yenye walezi au ni wa kuachwa kwake, kwa sababu naona nina mama wawili.

Mwezi uliopita nilikuta sufuria tatu zilizoungua zimefichwa chini ya sinki, na kwenye friji pakiti kumi na moja za tofu, ile jibini ya soya, nyingine zimevimba, kwa kuwa kila siku anakwenda dukani akidhani jana hakwenda, na vidonge vya presha vya wiki tatu vimo vilevile mfukoni, basi nikaomba halmashauri ilete mpimaji aseme mama anahitaji msaada kiasi gani. Nikafika siku moja kabla, nikasugua nyumba nzima, nikatupa tofu na sufuria, nikapanga dawa vizuri, maana jamani, mgeni wa serikali anaingia, nitauweka wapi uso wangu? Kumbe mama naye kaamka alfajiri, kapaka rangi ya mdomo, kavaa kimono yake ya kijivu, chai iko tayari na achari ya figili kwenye kisahani.

Mpimaji, Bi Tokuda, akamuuliza, “Bibi, unapika mwenyewe?”

“Napika, nafua, naoga, na wewe kama hujaolewa nitakutafutia mchumba!”

“Leo ni tarehe ngapi, bibi?”

“Ee mwanangu, gazeti la leo sijalisoma bado, nitajuaje?”

Tukacheka sote, hata mimi. Bi Tokuda alipoondoka mama akakaa pale kwenye ngazi ya mlangoni akaniuliza, “Yule dada alikuwa nani? Na wewe umekuja lini?”

Matokeo yamekuja, kapewa daraja la chini kabisa la msaada, na makao tuliyoyataka hayapokei watu wa daraja hilo, na kaka yangu Noriaki ananiambia kwenye simu, “Si unaona? Mama chuma! Sema tu umechoka naye.” Labda nimechoka kweli, sijui, kwa sababu Jumamosi iliyofuata mama alinipikia supu ya miso, chumvi barabara, akanisahihisha hata jina la mwalimu wangu wa darasa la kwanza, nikarudi kwangu najiona mchawi. Nikimpeleka kumbe ni mzima nitakuwa nimemzika hai, nikimwacha jiko litamuua. Mama yangu ni yupi?

Chizuru, Okayama

Chizuru mwanangu, pole. Pole sana, sasa ngoja nikugombeze.

Ulipomaliza kuisugua nyumba, ulitaka mpimaji apime nini, usafi wako? Sikucheki, sote ndivyo tulivyo: mgeni akigonga tunasukumia kila kitu kabatini tunabana mlango kwa mgongo. Lakini mficha maradhi, kilio kitamfichua. Aibu yako na aibu ya mama yako zimeshirikiana kumdanganya Bi Tokuda wa watu, halafu unashangaa daraja dogo!

Mama wawili hawapo. Yupo mmoja anayejikaza mbele ya watu, na kujikaza kunamchosha mpaka hajui umefika lini. Tarehe hakuijibu, aliwachekesha, na swali likapita. Na supu? Mikono iliyoipika miaka sitini haihitaji kumbukumbu. Swali la makao si kama mama anajua kupika. Ni kama anajua kuishi Jumatano ambayo hakuna anayekuja.

Omba apimwe tena, inaruhusiwa. Safari hii ufagio usiuguse. Mikono ikikuwasha, toka ukazunguke mtaa. Piga picha za friji, andika kila kilichoharibika na siku yake. Mpimaji akiondoka, msindikize hadi getini umwambie huko, kwa maana kumuumbua mzee mbele ya mgeni ni ukatili. Jiko la gesi liondoke wiki hii, weka la umeme linalojizima. Usisubiri karatasi ya halmashauri. Huyo Noriaki wa “mama chuma” akalale Kurayoshi siku saba. Simu nayo ni mgeni, bwana, mama anaijikazia vilevile.

Hata wewe, Jumamosi zako ni ugeni. Nenda siku asiyokutarajia, ukae.

Kabla ya kuamua, mpeleke kwenye hayo makao akale chakula cha mchana na wenzake, uone kama anakula. Halafu zungumza naye, kwani barua yako nimeisoma mara mbili: umeuliza halmashauri, umeuliza kaka, umeniuliza mimi. Yeye hujamuuliza. Muulize anaogopa nini, kisha unyamaze hadi ajibu. Fusae anajua kuliko nyinyi wote kwamba anapotea, na mpaka leo hajapata wa kumwambia.