Mafuta ya Mama Zuhura Hayakuwa na Kosa

Mpanda, mwezi wa nane

Mama yangu,

Shikamoo. Goti linaendeleaje? Bado unalipaka ile dawa inayonuka, au umeshaitupa kama ninavyokujua? Mimi nina afya, nakula, na malaria ya mwezi wa tano imekwisha kabisa. Najua Anjelina ndiye anayekusomea. Dada, nakuomba usiruke mstari wowote, na ukifika kwenye aibu yangu usicheke mpaka umalize.

Mama, nimefanya jambo baya. Nimemharibia jina mwanamke anayeuza mawese.

Hapa shuleni wanafunzi wa bweni walikuwa wanafulia majani ya mpapai. Mkuu wa shule akaniuliza kama mwalimu wa kemia anaweza kuwatengenezea sabuni, iwe kazi ya kujitegemea. Nikajibu kabla hajamaliza kusema: "Hilo dogo, mzee." Unanijua nikishasema hilo dogo. Shule ikanunua mawese kwa Mama Zuhura wa Misunkumilo, mtu mzima wa makamo yako, ambaye mama ntilie wote wa sokoni walikuwa wanapikia mafuta yake. Kostiki, ile dawa kali inayogeuza mafuta kuwa sabuni, ilikuja na treni kutoka Tabora.

Nikapiga hesabu. Ngoja nikueleze, maana aibu yenyewe imo humo. Sisi watu wa kemia tunahesabu vitu kwa mafungu, na fungu letu linaitwa moli. Kila fungu lina chembe idadi ileile, lakini uzito hauwi mmoja. Ni kama upange fungu la migebuka na fungu la dagaa, samaki kwa samaki idadi sawa, halafu uyaweke kwenye mizani. Kabla ya kupima chochote unaandika mlinganyo na kuusawazisha, ili kilichoingia kilingane na kilichotoka. Hapo ndipo unajua fungu moja la hiki linataka mafungu mangapi ya kile. Fungu moja la mafuta linataka mafungu matatu ya kostiki. Mimi kwa haraka, na kwa kujiona, niliandika mlinganyo nisiusawazishe, nikapima fungu moja kwa fungu moja. Hesabu zote zilizofuata nilizifanya vizuri sana, kwa hiyo sikushtuka.

Sabuni ikakataa kuganda. Tulikoroga mpaka mikono ikafa ganzi, tukaiacha, tukarudi asubuhi tukakuta uji mwekundu na mafuta yanaelea juu. Mzee Kasimba, mpishi wa shule, akachungulia ndani ya pipa.

"Mwalimu, hii ni sabuni au mboga? Nilete ugali?"

Wanafunzi wakacheka. Kicheko kile kiliniuma, Mama. Siku hiyohiyo nikasimama mstarini, mbele ya shule nzima, nikasema mafuta ya Mama Zuhura yalikuwa yamechanganywa. Sikuwa nimeyapima wala kuyanusa. Nilikuwa natafuta pa kuutua mzigo wangu, nikamtwisha yeye.

Maneno hayo yalifika sokoni upesi kuliko yale ya kampeni za vyama vingi mwaka jana. Mama ntilie wakamwacha mmoja mmoja. Siku moja nilimwona amekaa na madumu yamejaa, hana mteja. Akanisalimia vizuri tu, "Habari za kazi, mwalimu?" Nikaitikia huku natembea. Baadaye nikasikia amehamia Sitalike, anauza kando ya barabara ya kwenda mbugani.

Ukweli niliujulia darasani. Nilikuwa nafundisha kidato cha tatu jambo hilohilo, nawafokea, "Usiguse mizani kabla hujasawazisha!" Nikachukua sabuni iwe mfano, maana wote walikuwa wamelikoroga lile pipa. Nikaandika mlinganyo ubaoni kama nilivyouandika siku ile, nikaanza kuhesabu kushoto na kulia ili wanione ninavyosawazisha, na ile tatu ikajitokeza yenyewe. Nikabaki nimesimama na chaki. Msichana mmoja wa Kakese akauliza, "Mwalimu, tuandike?" Nikamwambia andikeni. Shati lilikuwa limelowa mgongoni, na wala hakukuwa na joto.

Jioni tukawasha moto. Nikauyeyusha ule uji, nikaongeza kostiki iliyokosekana, mafungu mawili kwa kila moja nililotia mwanzo. Ikawa nzito kama ugali wa muhogo, na kesho yake ikaganda, rangi ya ndizi mbivu. Wanafunzi walipiga makofi. Mimi nilitamani ingekataa tena, maana sasa sikuwa na pa kujificha.

Jumamosi nikapanda lori la mahindi mpaka Sitalike. Nilimkuta Mama Zuhura kwenye kibanda cha nyasi, nikamweleza yote. Alinisikiliza huku anafuta dumu kwa kitambaa.

"Umemaliza?"

Nikasema ndiyo.

"Ulinitukana mbele za watu, mwalimu. Msamaha ndio unaniletea huku, wasikie viboko wa mtoni?"

Akaliweka dumu chini.

"Nyie wasomi mkikosea mnanong'ona. Rudi. Jumanne nitakuja sokoni, na wewe uje."

Jumatatu nilisema kosa langu mstarini, mahali palepale nilipomsema yeye. Mzee Kasimba alikuwepo, na safari hii hakutania. Jumanne masomo yalipokwisha nikaenda sokoni. Mama Zuhura akanionyesha kigoda nyuma ya dumu. Nikakaa na tai yangu shingoni. Kila mama ntilie aliyepita nilimwambia, mafuta haya ni safi, aliyekosea ni mimi. Wengine walicheka. Mmoja akaniuliza, "Ndivyo mnavyofundisha watoto wetu?" Nikafungua mfuniko wanuse wenyewe, kama ulivyokuwa unanituma nifanye pale sokoni Mwandiga nikiwa na kaptula ya shule.

Hapo ndipo aibu iliponishika, Mama. Ulinisomesha kwa kuuza madumu ya mawese kama yale. Kama mwalimu mmoja angesimama akasema mafuta yako yamechanganywa, mimi ningesomea wapi? Nililia pale sokoni, nikasingizia moshi wa chapati. Mama Zuhura aliona. Akanipa kikombe nimpimie mteja.

Amerudi kuuza sokoni, ila wateja hawajarudi wote, na wengine nadhani hawatarudi. Anaitikia salamu yangu, basi. Sidai zaidi ya hapo.

Nisalimie baba mdogo, fundi baiskeli wetu, na shangazi wa kwaya, mwambie sijaacha kuimba. Bibi mpe pole ya macho. Anjelina, sasa unaweza kucheka.

Mwalimu mwenzangu anayekuja huko likizo atakuletea kipande cha ile sabuni. Kimekauka vizuri. Kifulie, na majirani wakiona. Kisipotoa povu, waambie wote wasikie kwamba mafuta yalikuwa mazuri, aliyekosea ni mwanao.

Mimi mwanao,
Festo